Michezo mitano mikubwa ya mpira: upi ni wa kwanza?

Kati ya mabishano yasiyo na mwisho, moja ni hili: ni mchezo gani wa mpira uliokuwa mkubwa kuliko yote? Vijana husema ni ule wa Katari, tarehe 18 Desemba 2022, Argentina na Ufaransa zilipofungana magoli 3 kwa 3, hata Argentina ikashinda kwa penalti. Watu wa Lubumbashi hawakubali. Wao husema ni ule wa Abu Dhabi, tarehe 14 Desemba 2010, TP Mazembe ilipoishinda Internacional ya Brazili magoli 2 kwa 0, na golikipa Kidiaba akaruka-ruka kwa matako mbele ya dunia nzima. Wazee nao hutikisa kichwa na kusema kwamba mpira wa kweli ulikwisha zamani.

Mabishano ya namna hii ni matamu, lakini hayafiki mahali, kwa sababu kila mtu anapima kwa kipimo chake. Basi tutafute kwanza kipimo kimoja, kisha tuipange michezo yenyewe.

Kipimo chetu

Wengine hupima kwa wingi wa magoli. Kipimo hicho hakifai. Kama wingi wa magoli ungetosha, basi kila timu dhaifu inapopigwa 9 kwa 0 tungesema tumeona mchezo mkubwa. Sivyo. Sisi tunauliza maswali matatu. La kwanza: je, wachezaji walionyesha ufundi na moyo kupita kawaida? La pili: je, mchezo ule ulikuwa na uzito, yaani kulikuwa na jambo kubwa la kupata au la kupoteza? La tatu: je, uliacha nini nyuma yake, watu walipokwisha kurudi nyumbani?

Swali hilo la tatu linataka muda. Mti hupimwa ukiisha kukua. Kwa hiyo tumeweka sheria moja: mchezo usiopata miaka 50 bado hatuupangi. Michezo ya Katari na Abu Dhabi ingoje zamu yake. Wajukuu wetu wataihukumu. Sasa tuanze na wa tano, tupande mpaka wa kwanza.

Wa tano: Glasgow, 1960

Tarehe 18 Mei 1960, katika uwanja wa Hampden Park, mjini Glasgow katika Uskoti, Real Madrid ya Uhispania ilikutana na Eintracht Frankfurt ya Ujerumani kugombea kombe la vilabu vya Ulaya. Watazamaji walipita 127,000. Watu wa Glasgow waliwajua Wajerumani wale vizuri, maana katika nusu fainali walikuwa wameipiga Rangers, timu ya mji huo huo, magoli 6 kwa 1 na tena 6 kwa 3. Frankfurt ndiyo iliyotangulia kufunga. Kumbe ilikuwa kama kumwamsha simba. Di Stéfano alifunga magoli 3, Puskás akafunga 4, na mwisho ukawa 7 kwa 3. Real Madrid ikachukua kombe hilo mara ya tano mfululizo.

Kwa ufundi, mchezo huu ungeweza kuwa wa kwanza. Lakini uzito wake ulikuwa mdogo: Real Madrid walikuwa wamekwisha kuwa mabingwa mara nne, nao walishinda kama ilivyotazamiwa. Kwa hiyo tunauweka wa tano.

Wa nne: Meksiko, 1970

Tarehe 17 Juni 1970, katika uwanja wa Azteca, mjini Mexico City, Italia na Ujerumani ya Magharibi zilicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 juu ya bahari, na mgeni hupumua kwa shida. Boninsegna aliifungia Italia katika dakika ya 8. Kisha Waitalia wakarudi nyuma kulinda goli lao, kama mtu aliyefunga mlango na kuketi juu ya kufuli. Muda ulipokwisha kabisa, Schnellinger akasawazisha. Naye kazi yake ilikuwa kuchezea klabu ya Milan huko huko Italia!

Ndipo zikaongezwa dakika 30, na katika dakika hizo yakaingia magoli matano. Ujerumani ikatangulia, Italia ikasawazisha, Italia ikatangulia, Ujerumani ikasawazisha, na dakika moja tu baadaye Rivera akafunga la mwisho: 4 kwa 3. Beckenbauer alikuwa ameumia bega. Timu yake ilikuwa imekwisha kubadili wachezaji wawili wanaoruhusiwa, kwa hiyo aliendelea kucheza mkono ukiwa umefungwa kifuani kwa bendeji. Wenyeji waliweka kibao ukutani mwa uwanja kuukumbuka mchezo huo.

Moyo ulikuwapo, tena mwingi. Lakini kabla ya dakika 30 zile kulikuwa na dakika 90 nzito, na Italia iliyoshinda kwa taabu hiyo yote ilipigwa na Brazili 4 kwa 1 katika fainali, siku nne tu baadaye. Unakuwa wa nne.

Wa tatu: Cairo, 1974

Hapa tunafika kwetu. Machi 1974 Kombe la Afrika lilichezwa Misri. Timu yetu ya taifa, wakati ule ikiitwa Chui wa Zaire, ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, ya kwanza kutoka Afrika ya watu weusi. Golikipa Kazadi Mwamba, na walinzi Bwanga Tshimen na Mwepu Ilunga, walitoka TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo.

Katika nusu fainali walikutana na Misri wenyewe, mjini kwao Cairo, mbele ya watu wao. Mara Misri ikawa na magoli 2, Zaire bure. Watu wengi wangekata tamaa. Lakini mara tu baada ya goli la pili, Ndaye Mulamba akarudisha moja. Kidumu, kapteni, akarudisha la pili. Kisha Ndaye akafunga la tatu. Uwanja mzima ukanyamaza, na Zaire ikashinda 3 kwa 2.

Katika fainali walikuta jirani zao wa Zambia. Ndaye alifunga magoli 2, lakini mwisho kabisa wa dakika za nyongeza Wazambia wakasawazisha: 2 kwa 2. Kwa sheria ya siku zile ilibidi kurudia mchezo siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2 kwa 0, na magoli yote mawili yakawa ya Ndaye. Katika mashindano hayo alifunga 9, na hakuna aliyevuka hesabu hiyo katika Kombe moja la Afrika.

Lakini kilichofuata ni chungu. Miezi mitatu tu baadaye, huko Ujerumani, timu ile ile ilipigwa na Uskoti 2 kwa 0. Baadaye wachezaji walieleza kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia, na kwamba kabla ya mchezo wa pili walitaka hata kukataa kucheza. Tarehe 18 Juni 1974 Yugoslavia iliwapiga 9 kwa 0. Mlinzi mmoja wetu alimpiga mwamuzi teke, na mwamuzi, asiyejua kutenga sura zao, akamfukuza Ndaye asiye na kosa. Dunia ilicheka. Mabingwa wa Cairo wakarudi nyumbani kama watu wenye aibu.

Ndaye mwenyewe alipatwa na mengi. Mwaka 1994 alipewa heshima katika mashindano ya Afrika huko Tunisia. Aliporudi, watu wenye silaha walimpiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi kimaskini mjini Cape Town akilinda magari ya watu. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumwombolezea, maana habari zilisema amekufa. Kumbe alikuwa hai! Alifariki hasa Januari 2019.

Msomaji atauliza: mbona hamkuupa nafasi ya kwanza, nao ni wetu? Tungependa. Lakini mwamuzi anayependelea timu ya kwao si mwamuzi.

Wa pili: London, 1953

Waingereza ndio walioandika sheria za mpira, na kwa muda mrefu walijiona walimu wa dunia. Ni kweli, Waairlandi walikuwa wamewashinda huko Liverpool mwaka 1949, lakini hakuna timu ya taifa kutoka nje ya visiwa vyao iliyokuwa imepata kuwashinda nyumbani. Tarehe 25 Novemba 1953, mbele ya watu 105,000 katika uwanja wa Wembley, wakaja Wahungaria, mabingwa wa Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1952.

Dakika moja haijaisha, Hidegkuti akafunga. Mtu huyo alivaa namba 9 mgongoni, namba ya mshambuliaji wa katikati, lakini hakukaa mbele. Alirudi nyuma katikati ya uwanja. Mlinzi wa Uingereza hakujua afanye nini: akimfuata, anaacha pengo nyuma, asipomfuata, Hidegkuti anacheza peke yake bila mtu wa kumzuia. Naye alifunga magoli 3. Puskás, mtu mfupi mnene ambaye wengine walimdharau kwa umbo lake, aliuvuta mpira nyuma kwa unyayo. Wright, kapteni wa Uingereza, akateleza akikamata hewa tupu, na mpira ukaingia. Mwisho: Hungaria 6, Uingereza 3.

Waingereza walidhani ni bahati. Mwezi Mei 1954 wakaenda Budapest kulipiza, wakapigwa 7 kwa 1. Hapo wakakubali kujifunza. Ramsey, aliyefunga goli la penalti siku ile ya Wembley, ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wa timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la Dunia mwaka 1966. Na Wahungaria je? Katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1954 walitangulia 2 kwa 0, kisha wakashindwa na Wajerumani 3 kwa 2. Vita vya mwaka 1956 nchini kwao vikaitawanya timu ile, na Puskás akaenda Real Madrid. Ndiye yule tuliyemwona Glasgow akifunga manne.

Wa kwanza: Rio de Janeiro, 1950

Mwaka 1950 Brazili ilialika Kombe la Dunia, ikajenga uwanja wa Maracanã, mkubwa kuliko wote ulimwenguni. Mwishoni zilibaki timu nne zilizocheza kila moja na nyingine. Brazili iliipiga Uswidi 7 kwa 1, na Uhispania 6 kwa 1. Ukabaki mchezo mmoja, tarehe 16 Julai, na Uruguay, nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 2 tu. Brazili haikuhitaji hata kushinda, sare ingetosha. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuwaita mabingwa. Waliolipa kiingilio walikuwa zaidi ya 170,000, na wote pamoja walikaribia 200,000.

Mara baada ya mapumziko, Friaça akaifungia Brazili. Kelele zikapanda mbinguni. Ndipo Obdulio Varela, kapteni wa Uruguay, akauchukua mpira kwapani, akaenda polepole kubishana na waamuzi. Hakutazamia goli likataliwe. Alitaka kelele zipoe na wenzake wapate kupumua. Akili ya mtu mzima! Katika dakika ya 66 Ghiggia alipita upande wa kulia, akampa Schiaffino, naye akasawazisha. Katika dakika ya 79 Ghiggia akapita tena pale pale. Golikipa Barbosa akadhani atatoa pasi kama mara ya kwanza, akasogea hatua moja. Ghiggia akapiga mwenyewe, mpira ukapita kati ya golikipa na mlingoti. 2 kwa 1.

Jules Rimet, rais wa mpira wa dunia, alikuwa ameshuka ngazi wakati wa sare, akiwa na hotuba yake ya kuwasifu Wabrazili. Alipotokea chini alikuta kimya kama cha kaburini. Hapakuwa na gwaride wala wimbo. Alimpa Varela kombe katikati ya msongamano, karibu kwa siri.

Mchezo huu unajibu maswali yetu yote matatu. Mambo mengi yalibaki: Brazili iliacha hata jezi zake nyeupe, ikachagua zile za njano ambazo dunia nzima inazijua leo. Lakini lililo kubwa ni la mtu mmoja. Barbosa, mtu mweusi, golikipa hodari, alitwishwa mzigo wa taifa zima kwa hatua moja aliyokosea. Wenzake kumi walikuwapo, waliomwacha Ghiggia apite mara mbili walikuwapo, na magazeti yaliyotangaza ushindi kabla ya wakati yalikuwapo. Hata hivyo akalaumiwa yeye. Katika miaka ya 1990 alitaka kuwatembelea wachezaji wa timu ya taifa, akakataliwa, maana waliogopa ataleta mkosi. Alikufa mwaka 2000, na miaka hiyo 50 haikuwa imemwondolea kosa lake. Mwuaji angefungwa miaka michache kuliko hiyo.

Ndiyo sababu tunauita mchezo huu mkubwa kuliko yote. Ulionyesha ushujaa wa wachache mbele ya umati, na pia ulionyesha ukatili wa umati kwa mtu mmoja. Barbosa wa Rio na Ndaye wa Cairo, mmoja alishindwa, mwingine alishinda, na watu wao wakawatupa wote wawili.

Sisi hatuna Maracanã, lakini tuna uwanja wa parokia na timu ya vijana wetu. Jumapili golikipa akifungwa goli la kipuuzi, asubiriwe mlangoni, apewe maji ya kunywa, aulizwe kama mchezo ujao atakuja.