Mkono wa Serikali katika Parke: Historia ya Uendeshaji Mashtaka Kongo

Tangu siku za utawala wa Wabelgiji, wakati mji wa Kalemie ulipokuwa bado unaitwa Albertville, mwendesha mashtaka wa Kongo, ambaye ofisi yake hujulikana kwa jina la parke, hakutenganishwa na serikali kama alivyotenganishwa hakimu anayetoa hukumu. Sheria ya Koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908, iliyokuwa kama katiba ya Kongo ya Wabelgiji, iliwaweka waendesha mashtaka chini ya waziri wa makoloni, naye hakuweza kumkabidhi mtu mwingine mamlaka hayo isipokuwa gavana mkuu. Hata hivyo utii huo haukuwa kamili, kwa maana maofisa wa utawala na wenye makampuni walilalamika mara kwa mara kwamba parke inawafuatilia kupita kiasi. Njia ya kutoka parke kwenda ikulu nayo ilikuwa wazi: Martin Rutten, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka mkuu huko Katanga, alifanywa gavana mkuu mwaka 1923.

Desturi ya kisheria ya Kibelgiji na Kifaransa, ambayo Kongo iliirithi, hutofautisha hakimu anayekaa, yaani anayehukumu, na hakimu anayesimama, yaani anayeishtakia jamii. Huyu wa pili hulazimika kuandika alivyoamriwa na wakuu wake, lakini akisimama barazani anaruhusiwa kusema dhamiri yake inavyomtuma. Uhuru wake, kwa hiyo, huanza pale ambapo uamuzi mzito zaidi, ule wa kufungua jalada au kuliacha kabatini, umekwisha kupita.

Chini ya Mobutu hata nafasi hiyo ndogo ilibanwa. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1974 yaliigeuza mahakama kuwa Baraza la Sheria, chombo kimojawapo cha chama cha MPR, na Kengo wa Dondo, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Jamhuri, akaliongoza baraza hilo kabla ya kuwa mkuu wa serikali mwaka 1982. Katika mfumo wa namna hiyo, kuuliza kama mwendesha mashtaka yu huru mbele ya serikali kulikuwa karibu kukosa maana.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ndiyo iliyojaribu kukata kamba. Kifungu cha 149 kilizitaja parke pamoja na mahakama kuwa sehemu ya mamlaka ya sheria iliyo huru, na Baraza Kuu la Mahakimu likaachiwa mahakimu wenyewe, bila rais wala waziri. Miaka mitano haikutimia. Sheria ya tarehe 20 Januari 2011, ambayo wengi huikumbuka kwa sababu iliufanya uchaguzi wa rais kuwa wa duru moja, iliziondoa parke katika kifungu hicho, na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 ikamalizia kazi: kifungu chake cha 70 kinawaweka waendesha mashtaka chini ya waziri wa sheria na kumpa uwezo wa kuwaamuru, ila asiingilie mwenendo wa mashtaka. Ni vigumu kuona jinsi mtu anavyoweza kuamuru jambo bila kuliingilia. Kwa Kalemie, iliyokuwa bado ndani ya Katanga hadi mgawanyo wa majimbo wa mwaka 2015, maana yake ilikuwa kwamba amri ya Kinshasa ingepitia kwa mwendesha mashtaka mkuu wa mahakama ya rufani ya Lubumbashi.

Mwaka 2020 wabunge Aubin Minaku na Garry Sakata walipopendekeza sheria ambazo wapinzani wao waliziona kuwa zinaukaza zaidi mkono wa waziri, waandamanaji walijaa barabarani, na waziri wa sheria Célestin Tunda ya Kasende akajiuzulu mwezi Julai. Historia ilikuwa na mzaha wake pia: Constant Mutamba, waziri aliyekuwa na uwezo wa kuziamuru parke, alishtakiwa na mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Kasasioni kwa fedha za kujenga gereza la Kisangani, akajiuzulu Juni 2025, na Septemba akahukumiwa miaka mitatu ya kazi ngumu.

Ubelgiji yenyewe imekwisha kurekebisha jambo hili, kwani kifungu cha 151 cha katiba yake kinamruhusu waziri kuagiza mtu ashtakiwe, wala hakimpi uwezo wa kuzuia mashtaka. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana amri ya kushtaki huishia barazani mbele ya hakimu, lakini amri ya kunyamaza haina pa kuonekana. Kenya imekwenda mbali zaidi: kifungu cha 157 cha katiba ya mwaka 2010 kinamweka mkurugenzi wa mashtaka nje ya amri ya mtu yeyote, na papo hapo kinamkataza kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Hata hivyo kesi ya ufisadi ya Rigathi Gachagua, Naibu wa Rais wakati huo, iliondolewa Novemba 2022, kwa ombi la ofisi ya Noordin Haji, aliyekuwa mkurugenzi wa mashtaka, na kwa ruhusa ya mahakama, naye Haji mwaka uliofuata aliteuliwa na Rais kuongoza idara ya ujasusi.