Ndege wa Mlangoni

Hebu, msomaji, nikuonyeshe picha moja. Ni ya mwaka 1908. Kijana wa miaka 15 ameketi ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko West Virginia, Marekani. Nyuma yake pana mlango mkubwa wa mbao. Kazi yake ni hiyo tu: mabehewa ya makaa yakija anafungua, yakipita anafunga, ili hewa ya mgodini isipotee njia. Saa kumi kwa siku, ujira senti 75. Muda mwingi yuko peke yake, gizani.

Aliyempiga picha ni Lewis Hine, aliyekuwa akizunguka migodini na viwandani kukusanya ushahidi dhidi ya kuajiri watoto. Aliwasha baruti yake ya mwanga, akapiga, akaondoka. Alipokuja kusafisha kioo cha picha ndipo akaona kitu ambacho kule gizani hakikuonekana: mlango ule umejaa michoro ya chaki. Ndege! Na pamoja nao maneno ya kuwaomba wapitao wasiwatishe ndege hao.

Mimi nasadiki ni mkono wa yule kijana. Hine alikwenda kutafuta mtoto anayeonewa, akampata. Mchoraji hakumtafuta. Kumbe alikuwepo, mbele ya kamera.

Nilipoiona picha hii niliona haya, na nitakwambia kwa nini. Mwaka jana niliandika hadithi kuhusu mama mmoja wa mtaani kwetu anayekaanga maandazi. Niliandika moshi, macho mekundu, kanga iliyochanika. Kwenye kikundi chetu cha uandishi washikaji walinipigia makofi. Habari zikamfika mwenyewe. Nilipopita asubuhi na shikamoo yangu, akaniitikia, akasema: "Mwanangu, moshi umeuandika vizuri. Mbona hukuandika kwamba harusi zote za mtaa huu nyimbo naongoza mimi?" Hakukasirika. Akanifungia na maandazi mawili. Bora angenitukana.

Basi tangu hapo nimekuwa nazitazama picha za zamani za milima ya Appalachia kama mtu anayetafuta kosa lake kwenye daftari la mwenzake. Ni safu ndefu ya mashariki ya Marekani, na West Virginia yote imo ndani ya eneo hilo. Makaa ya mawe yalileta reli, kampuni, na nyumba za kampuni, ambamo mchimbaji alikuwa mpangaji wa tajiri wake. Na kila dhiki ilipozidi, kamera zilikuja.

Miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Rais Roosevelt iliajiri wapiga picha waonyeshe hali ya wananchi, na haja ya mipango ya serikali kuwasaidia. Mkuu wao, Roy Stryker, alikaa ofisini Washington akichagua. Kwa miaka kadhaa negativi asiyoitaka aliitoboa tundu, isichapwe tena. Fikiria hapo: sura ya mtu, na katikati yake duara jeusi, kwa sababu haikufaa kwa kazi iliyokusudiwa.

Lakini wapiga picha wenyewe walikuwa na macho. Mwaka 1938 Marion Post Wolcott alifika Scotts Run, West Virginia, akampiga picha mtoto wa mchimbaji akibeba mafuta ya taa kupeleka nyumbani, mitambo ya makaa ikiwa nyuma yake. Picha hiyo imezunguka sana. Mwaka 1940 akaenda wilaya ya Breathitt, Kentucky, ambako mara nyingi barabara ilikuwa ni kijito chenyewe. Huko alipiga gari likivutwa na nyumbu wa kufugwa kutoka majini. Picha hii ukiitazama unacheka. Ukiacha kucheka unaona jambo: hapa anayesaidiwa ni mwenye gari.

Mwaka 1946 wachimbaji waligoma, serikali ikaishika migodi, na katika makubaliano yao ikaahidi uchunguzi wa afya na makazi ya wachimbaji. Russell Lee akatumwa na kamera. Alipiga vyoo vibovu na visima vichafu, maana ndiyo kazi aliyopewa. Lakini alipiga pia Jumamosi mchana mjini Welch, West Virginia, barabara imefurika watu waliovaa vizuri. Alipiga wachimbaji weusi na weupe, makanisani, mezani kwao. Na kwenye maelezo ya picha nyingi aliandika majina yao. Jina ni kitu kidogo, lakini bila jina mtu anabaki kuwa "maskini wa milimani" tu.

Aprili 1964 Rais Johnson alikwenda Inez, Kentucky, kuinadi vita yake dhidi ya umaskini. Waandishi na kamera wakamiminika. Misaada ilifika, si uongo. Lakini watu wa milimani walichoka kujiona kwenye televisheni wakiwa na sura moja tu. Septemba 1967, wilaya ya Letcher, mtengenezaji filamu kutoka Kanada, Hugh O'Connor, alikuwa akimpiga picha mchimbaji barazani, mwenye vumbi la makaa usoni. Mwenye nyumba alikuja na bastola akamuua. Hakuna hasira inayohalalisha damu ile. Lakini mwaka 2000 Elizabeth Barret, mzaliwa wa milima hiyohiyo, alitoa filamu kuhusu kifo hicho, akauliza swali linaloniwasha hadi leo: mwenye kamera ana wajibu gani kwa anayepigwa?

Jibu moja lilianza wilaya hiyohiyo mwaka 1975. Wendy Ewald aliwapa wanafunzi wa shule kamera ndogo, akawafundisha kupiga na kusafisha wenyewe. Wakapiga wazazi, wanyama, ndoto zao. Umaskini umo, hawakuuficha. Ila umekaa pembeni, kama kabati la nyumbani, wala si mgeni wa heshima. Na mjini Whitesburg mwaka 1969 ilianzishwa Appalshop, ambako vijana wa milimani walijifunza kutengeneza filamu zao wenyewe. Julai 2022 mafuriko yaliingia kwenye hazina yao, filamu na picha zikalowa matope. Watu walizitoa moja moja wakaanza kuziokoa. Picha ya kukudhalilisha nani angeingia matopeni kuiokoa?

Sisemi tuache kuandika moshi. Bila Hine, watoto wale wangeendelea kukaa gizani pasipo shahidi. Nasema tu, wewe unayeandika, kabla hujafunga daftari, tazama tena mlango ulio nyuma ya mtu wako.

Hadithi yangu nimeirudia. Moshi upo, harusi ipo. Safari hii nilimsomea mwenyewe kwanza, pale pale kwenye karai. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono, akasema wimbo nimeukosea, akaanza kuuimba upya ili niandike.