Kadi za Posta za Kale na Historia ya Pemba
Kadi za posta zenye picha zilizotolewa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 20 zimehifadhi sura za bandari, masoko na mashamba ya wakati huo. Nyingi zilitoka katika studio za Mji Mkongwe, ikiwemo ya A. C. Gomes, na Pemba ilipata sehemu ndogo, ingawa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, huko ndiko ilikotoka karafuu nyingi. Kwa hiyo hata kadi moja inayoonesha karafuu zimeanikwa juu ya majamvi kisiwani humo ina thamani.

Kadi husomwa pande zote mbili. Stempu yenye sura ya Sultani Khalifa bin Haroub haiwezi kutangulia mwaka 1911, aliposhika utawala. Muhuri wa posta hutaja siku ya kutumwa. Picha yenyewe huenda ilipigwa miaka mingi kabla. Rangi zisiaminiwe sana, kwani mara nyingi zilitiwa Ulaya na wachapaji ambao huenda hawakuwahi kuuona mkarafuu.

Maelezo yaliyochapishwa kwa kawaida hayamtaji mchumaji kwa jina, wala shamba lake. Mahali penyewe, hata hivyo, wazee wa Wete, Chake Chake na Mkoani bado wanaweza kupatambua, iwapo watafikishiwa picha hizo mapema.