Kasha Lililofundishwa Kunyamaza

Mimi huhifadhi video za harusi za wateja, na diski zangu huzunguka usiku kucha chumbani ninamolala. Ndiyo maana kasha la kompyuta naliheshimu kuliko prosesa.

Mwaka 1956 diski ya kwanza ya IBM, ndani ya mashine ya RAMAC, ilikuwa na sahani 50 na ukubwa wa kabati. Diski zikapungua ukubwa, mtetemo ukabaki. Mwaka 2005 kampuni ya Antec ikatoa kasha la P180, lililobuniwa pamoja na Mike Chin, mtaalamu wa kompyuta zisizo na kelele: kuta za matabaka matatu, feni za milimita 120 zizungukazo polepole, diski zikikalia mipira laini. Mwaka 2012 Fractal Design ya Uswidi ikaleta kasha la Define R4, lenye trei 8 za diski.

Ukinunua leo, kagua trei na mipira yake kwanza. Taa za rangi hazizuii kelele.