Salim, Taipei na Ghuba ya Mbegani

Usiku wa Oktoba 25, 1971, jijini New York, Chow Shu-kai, waziri wa mambo ya nje wa serikali ya Taipei, Taiwan, iliyokalia kiti cha China, aliliambia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwamba ujumbe wake hautashiriki tena vikao vyake. Kisha akatoka ukumbini na wenzake. Hoja ya Marekani, iliyotaka suala la kuiondoa Taiwan liamuliwe kwa theluthi mbili ya kura, ilikuwa imekwisha kuangushwa kwa kura 59 dhidi ya 55, na kila mtu mle ndani alijua kinachofuata. Azimio namba 2758 lilipita kwa kura 76. Waliokataa walikuwa 35, na 17 hawakuegemea upande wowote. Kiti cha China, na turufu yake katika Baraza la Usalama, vikahamia Beijing.

Azimio lile lilidhaminiwa na nchi 23, Tanzania ikiwemo. Balozi wake alikuwa Mzanzibari wa miaka 29, Salim Ahmed Salim.

Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Watanzania walicheza ukumbini kwa furaha, na kadiri miaka ilivyokwenda, ngoma yote ikaangukia jina la Salim. Haishangazi: habari ya mtu mmoja aliyecheza inasimulika kirahisi kuliko habari ya kura za Afrika zilizotafutwa kwa miezi, mlango kwa mlango. Aliyeshindwa usiku ule kwa upande wa Marekani alikuwa balozi wake, George Bush. Jina hilo tutalikuta tena.

Taiwan haikuwahi kufungua ubalozi Dar es Salaam, kwa kuwa Tanganyika iliitambua Beijing tangu ilipopata uhuru, Desemba 1961. Hata hivyo wanadiplomasia wa Taipei walikuwa wamehusika na nchi hii kabla ya uhuru. Julius Nyerere aliposimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwezi Machi 1955 kuitetea Tanganyika, kwa nauli iliyochangwa na wanachama wa TANU, mmoja wa wajumbe waliomsikiliza alitoka katika serikali ya Taipei, kwa sababu ndiyo iliyokalia kiti cha China. Baadaye Taipei ikaitafuta Afrika kwa jembe. Kuanzia 1961 ilituma wataalamu wa kilimo barani, kazi iliyosimamiwa na Yang Hsi-kun, mwanadiplomasia aliyepewa jina la utani la "Bwana Afrika". Majirani zetu waliwapokea. Rwanda ilikuwa nao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Malawi ilibaki na Taipei mpaka mwanzoni mwa 2008, ikiachiwa hospitali kubwa pale Mzuzu.

Salim aliingia kazi hii mapema mno. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alipelekwa Cairo kuwa balozi. Akafuata New Delhi, na 1969 akapelekwa Beijing. Kwa hiyo alipofika New York mwaka 1970 hakuwa akiitetea China ya vitabuni. Alidumu pale miaka kumi, akaongoza kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ukoloni, na mwaka 1979 akawa Rais wa Baraza Kuu.

Deni la 1971 lilidaiwa mwaka 1981. Salim, wakati huo waziri wa mambo ya nje, aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Kurt Waldheim wa Austria aliyetaka muhula wa tatu. Duru ya kwanza Salim aliongoza kwa kura 11 dhidi ya 10, lakini Marekani ikamzuia kwa turufu. China nayo ikamzuia Waldheim, ikisisitiza zamu ya nchi za dunia ya tatu. Duru 16 zikapita hivyo hivyo. Makamu wa rais mjini Washington alikuwa Bush yuleyule. Kusema yote yalitokana na ngoma ya 1971 ni kurahisisha mambo, maana msimamo wa Salim juu ya Palestina na Afrika Kusini nao haukuipendeza serikali ya Reagan. Lakini kura ile haikusahauliwa. Mwezi Desemba wote wawili walijiweka kando, na Javier Pérez de Cuéllar wa Peru akapita.

Nyumbani Salim alikuwa waziri mkuu baada ya kifo cha Edward Sokoine mwaka 1984, kisha akauongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001. Mwaka 2005 aliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Aliyemshinda alikuwa mwanadiplomasia mwingine, Jakaya Kikwete wa Msoga, mtoto wa wilaya ya Bagamoyo, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje kwa miaka kumi.

Hapo ndipo Mbegani inapoingia. Ghuba hii, kusini mwa mji wa Bagamoyo, ina chuo cha uvuvi kilichokuzwa kwa msaada wa Norway, na jirani yake Mlingotini akina mama hulima mwani. Magofu ya Kaole, ambako vipande vya kauri za China vimefukuliwa, hayako mbali. Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alipozuru Dar es Salaam, Tanzania na China zilikubaliana juu ya bandari mpya hapo, na Oktoba 2015 Kikwete akaweka jiwe la msingi. Kampuni ya China Merchants na mfuko wa serikali ya Oman walikuwa washirika, na thamani yote ilitajwa kuwa dola bilioni 10.

Rais aliyemfuata Kikwete, John Magufuli, aliusimamisha mradi, na Juni 2019 akasema hadharani kwamba masharti yake angeyakubali kichaa tu. Miezi mitatu baadaye Xi alitoa Nishani ya Urafiki kwa wageni sita walioitumikia China, na mmoja wao alikuwa Salim. Binti yake ndiye aliyeipokea Beijing kwa niaba yake.