Bibi, Chuo na Darasa la Awali: Malezi ya Mtoto wa Mkulima Kilwa

Aitajapo mtu Kilwa, wengi hukumbuka visiwa na magofu. Ni wachache wafikirio Mitole, upande wa bara, kwenye mashamba. Hata hivyo, atakaye kujua historia ya malezi ya mtoto wa mtu maskini yafaa aanzie katika vijiji vya namna hiyo.

Nafaka ikianza kukomaa, mkulima wa sehemu hizi huhamia shambani, akajenga dungu na kulinda mazao, kwani nguruwe huja usiku na ngedere mchana. Mtoto mdogo hufuatana na mama yake au hubaki kwa bibi. Bibi ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza: kwa vitendawili vyake mtoto alijifunza kusikiliza, kukumbuka na kujibu. Kisha kilikuja chuo cha Kurani. Mtoto alikaa mkekani na ubao wake, akazijua herufi kabla hajauona mlango wa shule. Serikali ya kikoloni haikukihesabu chuo kuwa shule kamili, nami naona hapo ilipoteza msingi uliokwisha kujengwa bila gharama yake.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, vijiji vilihimizwa kuanzisha vituo vya kulelea watoto mchana ili akina mama wapate nafasi ya kulima. Azimio la Musoma la 1974 liliielekeza Serikali kwenye elimu ya msingi kwa wote. Watoto walio chini ya umri huo waliachiwa zaidi wanakijiji wenyewe. Sheria ya 1981 iliweka utaratibu wa vituo, lakini posho ya mlezi na unga wa uji vilitegemea mavuno.

Njia nyingine ilionekana Mombasa mwaka 1986, kisha Unguja mwaka 1990. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, madrasa zilifungua madarasa ya watoto wadogo; wanawake wa mtaani walifunzwa ualimu, wakatengeneza vifaa kwa vifuu, mbegu na makuti. Chuo kile kile kilichodharauliwa kikawa nguzo.

Sera ya Elimu ya 2014 iliufanya mwaka 1 wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu 2016 ada iliondolewa katika shule za Serikali. Limebaki dungu. Msimu wa kulinda ukifika, nyumba nyingi hufungwa, na mtoto wa miaka 5 hawezi kutembea peke yake kutoka shambani hadi darasani.