Daftari la Wodi: Jinsi Hesabu Inavyomlinda Mtoto Mwenye Saratani

Leo nazungumza hasa na wewe uliye na mtoto anayetibiwa saratani hospitalini.

Usiku mmoja nikiwa zamu, mama mmoja alihisi mwili wa mtoto wake umechemka. Ilikuwa saa nane usiku. Aliniona nikihangaika na wagonjwa wengine, akaona asinisumbue. Akampa mtoto parasetamoli aliyokuwa nayo mkobani. Joto likashuka, mtoto akalala. Kulipokucha joto lilirudi na mtoto alikuwa hoi. Viini vilikuwa vimeingia kwenye damu. Tulimtibu akapona, lakini tulikaribia kumpoteza. Mama alilia akisema ni kosa lake. Nikamwambia, mama, si kosa lako. Hakuna aliyekueleza, hata mimi sikukueleza.

Ndiyo maana nakueleza wewe leo. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu jambo hili lina historia.

Je, wajua kwamba zamani akina mama waliogopa kujifungulia hospitalini? Katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, hospitali kuu ilikuwa na wodi mbili za uzazi. Wodi ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao. Ya pili ilikuwa ya wakunga. Mwaka 1846, kati ya kila akina mama 100 waliojifungulia wodi ya kwanza, 11 hivi walikufa kwa homa ya uzazi. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Akina mama walijua tofauti hiyo. Wengine walipiga magoti wakiomba wasipelekwe wodi ya kwanza.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, aliwaamini akina mama hao kwa sababu aliziona hesabu vitabuni. Mwaka 1847 rafiki yake, daktari Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti. Akaugua na kufa kwa dalili kama za wale akina mama. Semmelweis akaelewa. Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi, wakibeba uchafu mikononi. Wakunga hawakupasua maiti. Mwezi wa Mei mwaka huo akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini. Aprili walikuwa wamekufa 18 katika kila 100. Kufikia Juni walikuwa 2 hivi.

Wakubwa wengi walimkataa, maana nani apendaye kuambiwa kwamba mikono yake inaua? Akaondoka Vienna mwaka 1850, akafa mwaka 1865 kabla ya ulimwengu kumkubali. Lakini alituachia funzo. Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na maisha ya wagonjwa ni vivyo hivyo.

Sasa tuje kwa watoto wetu. Mwaka 1948, daktari Sidney Farber wa Boston, Marekani, alitangaza kwamba dawa fulani ilituliza kwa muda saratani ya damu kwa watoto 10 kati ya 16 aliowatibu. Huku kwetu Afrika Mashariki, daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya uliowashika watoto wengi. Miaka ya 1960, dawa za saratani zilitumiwa Kampala na Nairobi, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Hapo ndipo matumaini yalipoanza.

Lakini dawa hizo zina gharama yake. Zinapoua saratani, hupunguza pia chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili. Mwaka 1966, daktari Gerald Bodey na wenzake huko Marekani walilinganisha hesabu ya chembe hizo na maambukizi ya wagonjwa wa saratani ya damu. Kadiri chembe zilivyopungua, na kadiri zilivyokaa chini siku nyingi, ndivyo maambukizi yalivyozidi. Mwaka 1971, daktari Stephen Schimpff na wenzake wa Baltimore wakaonyesha kwamba mgonjwa wa namna hii akipata homa, heri aanzishiwe antibayotiki mara moja bila kungoja majibu ya maabara.

Na kuhesabu kuna faida gani? Uchunguzi mkubwa wa hospitali za Marekani uliotolewa mwaka 1985 ulijibu. Hospitali zilizohesabu maambukizi, zikawa na wahudumu wa kazi hiyo na kuwarudishia madaktari matokeo, zilipunguza maambukizi kwa asilimia 32 hivi. Zile zisizokuwa na mpango huo, yaliongezeka kwa asilimia 18.

Basi ukimwona nesi akiandika, ujue anamlinda mtoto wako. Ugonjwa ukianza baada ya mtoto kulazwa saa 48 au zaidi, na hakuja nao, tunauhesabu kuwa wa hospitalini. Tunahesabu pia siku ambazo watoto wana mrija kwenye mshipa. Watoto 10 wakiwa nao siku 10 kila mmoja, hizo ni siku 100. Tukiona maambukizi yanazidi kwa siku hizo, tunajiuliza: ni mikono? Ni mirija? Ni maji?

Lakini daftari halijazwi na nesi peke yake. Wewe ndiwe unayekaa kitandani usiku kucha. Kwa hivyo shika haya:

Moja, joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mtoto akitetemeka kwa baridi, mwite nesi saa hiyo hiyo. Usimpe parasetamoli kwanza, maana itaficha homa.

Pili, tazama mahali mrija ulipoingia. Mwekundu kidogo au maumivu yatosha kutwambia. Usingoje usaha, kwa kuwa askari wakiwa wachache usaha huenda usionekane.

Tatu, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha na baada ya choo. Mgeni mwenye mafua asalimie kwa simu.

Nne, tuulize, "Dada, umenawa?" Hutakuwa umetukosea adabu.

Tano, mkiwa nyumbani, chembe hushuka sana wiki moja hadi mbili hivi baada ya dawa. Homa ikija, usingoje kliniki. Nenda hospitali hata kama ni usiku, na useme mlangoni: "Mtoto wangu anatumia dawa za saratani."

Akina mama wa Vienna walipiga magoti, na waliosikilizwa walikuwa wachache. Wewe usipige magoti. Simama utuite. Afadhali tuamke mara kumi bure kuliko kuchelewa mara moja.

Mimi ni muuguzi wako wa jamii. Mungu akujalie nguvu, na mtoto apate nafuu. Kwaheri hadi kipindi kijacho.